Vidude Visivyolia

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Simu tunayo moja, na Baba yako Mdogo akiishika anaipigia kelele mpaka watu wa mnada wa samaki wanajua umekula nini jana. Miaka thelathini ya kukaa juu ya injini imemla masikio, naye anashikilia kwamba ni sisi tunaonong'ona. Basi barua. Dereva wa gari la barafu amekubali kuzibeba pamoja na bahasha ya ofisi yenu. Mimi mzima, goti tu ndilo limejipa likizo kabla yangu.

Vidude vyenu vimefika. Masanduku mawili, kila moja vidude ishirini, vyeupe, ukubwa wa kiazi, vinafanana kama mapacha. Karatasi inasema vya sanduku la kwanza nivifunge kwenye wavu wenye maboya mekundu, vya sanduku la pili kwenye wavu wa maboya ya buluu. Kila asubuhi nyavu zikirudi niandike pomboo wangapi wamenaswa, na katika wavu upi. Nimeisoma mara tatu. Haisemi chochote zaidi. Hapa wanasema vinapiga mlio ndani ya maji, pomboo wakisikia wanajua kuna kitu mbele yao, wanakaa mbali na wavu. Sijui, mimi ni mshona nyavu.

Ila nakuuliza wewe unayekaa kwenye hiyo ofisi. Watu wanasema ikionekana havisaidii, kamati ya serikali itapiga marufuku nyavu katika ghuba nzima. Baba yako Mdogo anacheka, anasema atafungua duka la hereni. Lakini juzi nilimkuta amekaa peke yake chomboni, anafunga fundo na kulifungua, anafunga na kulifungua, na hakuna kamba iliyokuwa imekatika. Ana miaka hamsini na nane. Kazi nyingine haijui, na ya kukaa bure ndiyo haijui kabisa.

Vinasaidia au havisaidii?

Mama yako mdogo


Ofisini, 15 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni, nimefunga mlango. Usicheke.

Nakuomba sana, barua zako usizitie tena ndani ya bahasha ya ofisi. Bahasha zile anazifungua mkuu wangu mwenyewe kwa kisu cha karatasi, na safari hii nilimuwahi kwa sekunde. Mpe dereva mkononi, anipe mimi mkononi.

Nikwambie kwa nini. Siku wananipa faili la ghuba yenu, mkuu aliniuliza kama nina ndugu yeyote anayevua huko. Nilisema sina. Nilisema haraka, Mama Mdogo, kama mtu anayekataa chai. Mtu mwenye jamaa kwenye nyavu haruhusiwi kuzisoma hesabu za nyavu. Na ningesema ukweli, faili lingekwenda kwa mwenzangu ambaye kwake ninyi ni mistari tu kwenye jedwali. Nilijiambia nitasoma kwa haki kuliko yeye. Tangu siku hiyo mkuu akiita jina langu roho inaniruka.

Umeniuliza vinasaidia au havisaidii. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Watu duniani wanajaribu mambo mengi kuokoa wanyama wa baharini: taa kwenye nyavu, maeneo ya kutovua, milango ya kumtolea kasa ndani ya wavu. Sisi tunakusanya majaribio yao, tunayapima, kisha tunaandika moja kati ya matatu: linasaidia, halisaidii, hatujui. Kamati inasoma hapo tu, mengine inafunua kama gazeti la jana. Vidude vimejaribiwa bahari nyingine na mara nyingi vimesaidia. Kwenye ghuba yenu hakuna aliyewahi kujaribu.

Jinsi vinavyofanya kazi siwezi kukueleza. Si kwamba nakuficha kwa dharau. Ni lazima msijue, ndiyo maana karatasi ni fupi. Wewe funga tu kama ilivyoandikwa, wala usiulize.

Msalimie Baba Mdogo. Mwambie duka la hereni lisubiri.

Mwanao


Nyumbani, 22 Machi

Mwanangu mfungia mlango chooni,

Marahaba. Haya, dereva nimempa mkononi, na amenitazama kama ninampelekea mchumba barua.

Nimekusikia. Siulizi. Nilikulea tangu una miaka sita na sijawahi kukuona ukisema uongo bila kushika sikio, sasa sijui huyo mkuu wako alikuwa anatazama wapi.

Kazi inakwenda. Kulikuwa na jambo dogo kwenye vidude, nimelirekebisha mwenyewe, hata usihangaike. Ukija likizo nitakuhadithia tucheke. Sikutaka kuliandika kwenye fomu nikaiaibisha ofisi yako, maana mtu akisikia wageni wa serikali wameleta kitu chenye kasoro, hapa atakisema mpaka mwaka uishe.

Wiki hii tumepata pomboo watatu, mmoja wavu mwekundu, wawili wavu wa buluu. Nimeandika. Baba yako Mdogo huwa anawashusha yeye mwenyewe, hataki mtu awaburute. Akirudi nyumbani ananawa mikono muda mrefu na chakula hakigusi. Watu wa mjini wanadhani mvuvi akimkuta pomboo kwenye wavu anafurahi. Wavu unachanika, samaki wanaoza ukihangaika naye, na yule mnyama ana macho, mwanangu. Anakutazama.

Vaa sweta, nasikia huko kuna baridi.

Mama yako mdogo


Ofisini, 2 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hesabu za msimu zimefungwa jana. Nimezijumlisha mara nne, na mara ya tano nikamwomba mwenzangu azijumlishe bila kumwambia za nini.

Wavu mwekundu pomboo kumi na mmoja. Wavu wa buluu kumi na wawili.

Nisikilize vizuri. Nyavu zile mbili zilitakiwa zitofautiane. Zikiwa sawa namna hii, maana yake ni moja: vidude kwenye ghuba yenu havifanyi lolote. Mkuu amekwisha kuandika kwa penseli pembeni ya ukurasa, "havisaidii", anasubiri mimi nipitishe wino. Kamati inakaa tarehe ishirini. Nimesikia hata rasimu ya marufuku iko tayari, haina tarehe tu.

Silali. Bahari nyingine vimepunguza vifo kwa nusu na zaidi, sasa ghuba yetu ina nini? Maji yake ni yale yale ya chumvi. Nimerudi kuzisoma barua zako zote na nimekwama kwenye ile ya Machi. Uliandika "jambo dogo nimelirekebisha". Jambo gani? Ulirekebisha nini?

Nakuomba usinifiche na usinilinde. Ukinificha kitu sasa hivi, mkono wangu ndio utakaomtoa Baba Mdogo baharini. Niambie hata kama ni kitu cha kijinga. Tena kama ni cha kijinga ndiyo uniambie upesi.

Mwanao


Nyumbani, 7 Juni

Mwanangu,

Umeniandikia kama askari. Sawa, nimekaa, nimevaa miwani, naandika.

Vidude vilipokaa majini mwezi mmoja viliota utando wa kijani. Karatasi ilisema nivifunge, sikuona mahali iliposema nisivioshe. Nikavifungua vyote arobaini, nikaviweka kwenye beseni la maji, kimoja kimoja, kwa brashi ya kiatu. Kumbe vikiguswa na maji vinalia. Mlio mwembamba, kama mbu aliye karibu na sikio. Vile vya wavu mwekundu vikalia vyote. Vile vya buluu, kimya. Nikavitikisa, kimya. Nikavigonga ukingoni mwa beseni, kimya. Ishirini vizima, ishirini vimekufa.

Nikamwita Baba yako Mdogo asikilize. Akainamisha kichwa mpaka sikio likalowa, akasema hasikii kitu, akasema hata vile vizima havilii, ni mimi umri unanichezea. Tukagombana nusu saa.

Sasa ningefanya nini? Niwaandikie kwamba mmetuletea mali mbovu? Wangekuja mafundi, kazi ingesimama, na wewe ndiyo kwanza umepewa hilo faili, wangesema msichana mwenyewe hata vifaa hakukagua. Na kuuacha wavu wa buluu na maiti ishirini ilhali mwenzake ana wazima ishirini, niliona si haki kwa pomboo wa upande ule. Kwa hiyo nikagawa. Kumi wazima na kumi wafu wavu huu, kumi na kumi wavu ule, nikapishanisha mzima, mfu, mzima, mfu, ili mlio usikosekane mahali pengi. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu Machi, kila nikiviosha nakagua nisije nikachanganya. Kazi safi, mtu yeyote akiiona ataisifu.

Hilo ndilo jambo dogo. Sasa niambie kosa langu, maana naona unalitafuta.

Mama yako mdogo


Ofisini, 10 Juni

Mama Mdogo,

Nimecheka. Nimecheka peke yangu kwenye ngazi za dharura mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko salama, na alipofika nilikuwa tayari nalia.

Havikufa. Vilitengenezwa hivyo. Ishirini vinalia na ishirini ni bubu kwa makusudi, vina uzito ule ule na rangi ile ile, ili wavu mmoja uwe na mlio na mwingine usiwe nao, kisha tulinganishe. Bila wavu wa bubu hatuwezi kujua kama vidude vimewafukuza pomboo, au mwaka huo pomboo walikuwa wachache tu. Na hamkutakiwa kujua upi ni upi. Baba Mdogo angejua, angeutega ule wa bubu mbali na njia yao. Si kwa hila, ni kwa huruma. Hapo jaribio lingeharibika.

Wewe umezifanya nyavu zote mbili ziwe nusu na nusu. Ndiyo maana zimelingana. Hazikuwa na njia nyingine ila kulingana. Mwezi ule wa kwanza peke yake hautoshi, kwa hiyo jaribio zima la msimu halisemi kitu, si "linasaidia" wala "halisaidii".

Na mimi ndiye niliyekwambia usiulize.

Sasa niko hivi. Nikinyamaza, "havisaidii" inapita, na nyavu zinatolewa kwa uongo ninaoujua. Nikisema, watauliza nimejuaje. Nimejua kwa barua ya mama yangu mdogo, ambaye niliapa sina. Kuna njia ya tatu, niliifikiria jana saa nzima, siwezi kukuficha: kuandika "vinasaidia", nikitegemea bahari nyingine, na kuomba nisigunduliwe. Kalamu niliishika. Nikaiweka chini.

Zimebaki siku kumi. Usimwambie Baba Mdogo.

Mwanao


Nyumbani, 13 Juni

Mwanangu,

Andika kwamba mshona nyavu aliharibu. Yule mwanamke wa ufukweni, hakusoma sana, ana kiherehere. Sitakasirika. Andika ulisikia kwa dereva. Andika chochote kisichokugusa wewe.

Nimemaliza hilo, sasa la pili, na hili nataka unijibu kama mtu mzima.

Kwa hiyo mlijua. Mlikaa mezani, mkavitengeneza vya bubu, mkaviweka sandukuni, mkatupa sisi tuvitie majini. Mlijua kwamba upande ule pomboo hatasikia kitu, atakuja, ataingia. Mimi nilivigawa kwa sababu nilidhani ni ajali. Kama ningejua kuna mtu amekaa akapanga, sijui ningefanya nini. Baba yako Mdogo anawashusha mikononi, mwanangu. Ninyi mmewashusha wapi?

Wale ambao wangekufa kwenye wavu wa bubu, mlikuwa mmekubali wafe?

Mama yako mdogo


Nyumbani kwangu, 24 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Angalia nilikoandikia. Ofisini siendi kwa sasa.

Nilisema yote. Sikungoja kamati, nilikwenda kwa mkuu tarehe kumi na nane asubuhi, nikamwekea barua zako mezani, hata ile ya kunicheka. Alizisoma zote. Alipofika kwenye "kumi wazima na kumi wafu" alivua miwani, nikadhani atacheka, hakucheka. Aliniuliza swali moja: kama hesabu zingetoka vizuri, ningekuja? Nilitaka kusema ndiyo. Nilisema sijui. Amenisimamisha kazi mpaka Septemba, kisha watakaa waamue kama nirudi au nisirudi. Sina ugomvi naye. Ni mtu mgumu lakini hakunitukana.

Kamati imepokea "hatujui". Marufuku haikupita. Jaribio litarudiwa kuanzia Julai mpaka mwisho wa Oktoba, na baada ya hapo hakuna kurudia tena, jibu litakalotoka ndilo watakaloshika. Vidude vipya vinakuja. Atakayevifunga ni mtu asiyesikia ule mlio, watawapima wote kwa beseni. Wewe wanataka ubaki kwenye kuhesabu tu. Mkuu mwenyewe alisema hajaona fomu safi kama zako.

Nimelizunguka swali lako siku kumi. Jibu ni ndiyo. Tulikubali. Hatukulisema kwa maneno hayo, tulisema "wavu wa kulinganishia", na neno hilo linapita kooni bila kukwaruza. Lakini tulijua. Nikijitetea nitasema kwamba nyavu zote za ghuba leo ni za bubu, kila siku, na hakuna anayehesabu. Kwamba tukijua kwa hakika, wataokolewa wengi miaka mingi. Ni kweli yote hayo. Na bado wewe umeuliza kitu ambacho mimi, na vyeti vyangu vyote, sikuwahi kuuliza.

Kuna jambo linanitisha zaidi. Nyavu zikishushwa zikiwa bado zimelowa maji, utavisikia vidude. Utajua upi ni upi. Usimwambie Baba Mdogo. Usimwambie mtu. Hata kwa uso.

Mwanao


Nyumbani, 30 Agosti

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa najifunza kunyamaza, na kwangu ni somo gumu, wewe unalijua hilo.

Baba yako Mdogo amefaulu mtihani wa masikio, yaani amefeli. Walimwekea vidude sita majini, akasema beseni ni zuri. Nilipomweleza habari yote ya Machi alicheka akashika mbavu, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo kweli mimi sisikii?" Nikamwambia ndiyo, mume wangu. Akasema, "Basi na ndege asubuhi siwasikii? Nilidhani wamehama." Sasa yeye ndiye anayefunga vidude, kwa mafundo yake mabaya, na mimi naruhusiwa kukaa kwenye meza na kalamu.

Nilipita karibu na nyavu siku ya kwanza tu, nikajua. Niliziba masikio, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Tangu siku hiyo nalala na mtu ninayemficha kitu kila usiku, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja. Anaamka anauliza, "Leo niutege wapi huu?" Anauliza kwa mazoea tu, kama zamani, tulikuwa tunashauriana. Najifanya natafuta kiberiti. Juzi akaniambia, "Una nini wewe, mbona siku hizi hunitazami?" Nikasema ni macho. Amekwenda kuninunulia dawa ya macho. Natia.

Kuna mahali karibu na mwamba ambapo pomboo wanapita sana. Naona anauchukua wavu ule usiolia kuupeleka huko, na neno moja langu lingemgeuza. Nauma ulimi. Nimekuwa nauma ulimi wiki ya nane sasa.

Jana asubuhi walirudi na pomboo wawili. Mama na mtoto. Mtoto hakuwa na urefu wa mkono wangu mara mbili. Walikuwa wamenaswa pamoja, mama amejizungushia wavu mwilini, nadhani alirudi kumfuata. Baba yako Mdogo alimbeba mtoto peke yake, akamlaza, akavua shati akamfunika, kisha akaenda akakaa nyuma ya chombo.

Wavu upi sikwambii. Umenionya, na mimi nimeahidi.

Lakini kuna kitu lazima nikitoe kwa mtu, na mtu wa kumtolea ni wewe. Nilipowaona wameshushwa, kabla sijamwona yule mtoto vizuri, kabla ya huruma, nilifurahi. Moyo ulisema, wawili, vizuri, wawili zaidi, tutashinda, nyavu hazitapigwa marufuku. Nilifurahi, mwanangu. Mimi niliyekuuliza wewe kama ulikubali wafe.

Najua. Nikishakwambia nilifurahi, umeshajua ni wavu upi. Nimeshindwa tena. Ichome barua hii.

Fomu nimeijaza. Nimeandika wawili, kwa tarakimu na kwa maneno, nimetia sahihi, nimeipa dereva. Bado miezi miwili.

Mama yako mdogo